Nikahi Imesihi, Lakini Mume Hana Kibali: Suali Kutoka Arusha



Mama mmoja wa Unguja ametuletea suali ambalo ukilisikia mara ya kwanza utasema ni la Uhamiaji, si la dini. Ana watoto wawili waliorudi nyumbani kutoka ng'ambo na kuamua kufanya maisha Arusha. Mwanawe wa kiume alikuwa Muscat miaka kadhaa, akaoa huko, akarudi na mkewe ambaye ni raia wa Oman. Wana duka la viungo na nguo Ngarenaro. Bintiye alisoma Birmingham, akaolewa na kijana wa Kiislamu, raia wa Uingereza mwenye asili ya Morocco. Binti amepata kazi ya uhasibu katika kampuni ya utalii, na mumewe amemfuata. Lakini mume huyo anaishi kwa visa ya matembezi. Siku zake zikikaribia kwisha, anapanda gari mpaka Namanga, anatoka, anarudi.

Mama anauliza: wote wawili wamefunga ndoa ya halali, mbele ya walii na mashahidi. Vipi mkwe wangu wa kike amekaa kwa utulivu, na mkwe wangu wa kiume anaishi kama mgeni wa hoteli? Na je, mume asiyeweza kufanya kazi, nafaka ya mke wake iko juu ya nani?

Upande wa fiqhi tumemjibu mwenyewe. Lakini suali lake si la nyumba yake peke yake. Vijana wa visiwani wako Arusha kwa wingi, katika mahoteli, katika makampuni ya watalii wanaokwenda Serengeti, katika maduka ya mjini na hata huku Usa River na Tengeru chini ya Mlima Meru. Wengine wamesoma na kuoa nje, na sasa wanarudi. Kwa hiyo tumeona tulifungue suali hili kwa kila mzazi anayepokea posa ya mgeni.

Sheria inamjua mke, haimjui mume

Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano. Afisa wa Uhamiaji aliyeko Arusha na aliyeko Unguja wanasoma sheria moja. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote maadamu mumewe yu hai. Kifungu kinamtaja mwanamke. Mwanamume aliyeoa raia wa Tanzania hakutajwa. Yeye akitaka uraia anapanga foleni na wageni wote: awe amekaa nchini miezi 12 inayotangulia ombi lake, na katika miaka kumi kabla ya miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba, pamoja na masharti ya lugha na tabia njema. Mwanamke, ndoa inamfupishia njia. Mwanamume, ndoa haimpunguzii hata siku moja.

Na kabla ya uraia kuna ukaazi. Mke mgeni wa Mtanzania njia yake inajulikana: mumewe anamuombea pasi ya mtegemezi. Mume mgeni mara nyingi huulizwa yeye mwenyewe ni nani. Ni mwekezaji? Aombe kibali cha ukaazi daraja A. Ameajiriwa? Daraja B, na mwajiri wake awe tayari ameshamuombea kibali cha kazi. Si huyu wala yule? Kuna daraja C, nalo lina masharti yake. Na hata akipewa pasi ya mtegemezi, pasi hiyo si ruhusa ya kufanya kazi. Sheria ya Uratibu wa Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka kila mgeni awe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na ndoa haimtoi katika sharti hilo.

Hapa ndipo suali la mama linapokuwa la dini. Mume wa binti yake ni fundi wa kompyuta. Ana nguvu, ana ujuzi, anataka kufanya kazi. Sharia imemuwajibisha chakula, nguo na makazi ya mkewe, kwa kadiri ya uwezo wake. Sheria ya nchi inamwambia asiguse kazi mpaka apate karatasi ambayo ndoa yake haimsaidii kuipata. Matokeo yake mke ndiye anayelipa kodi ya nyumba, mke ndiye anayenunua unga, na mke ndiye anayelipia safari za Namanga.

Kwa madhehebu yetu ya Imaam Ash-Shaafi'iy, nafaka ambayo mume hakuitoa inabaki kuwa deni juu yake, isipokuwa mke akisamehe. Na mume akishindwa kabisa, mke ana haki ya kwenda kwa Kadhi kuomba ndoa ivunjwe. Binti huyu hataki kuvunja ndoa, na anachokitoa anakitoa kwa ridhaa. Ni wema wake na ana ujira wake. Lakini wema haugeuzwi kuwa wajibu. Tumemshauri mama amwambie mkwewe aandike, japo katika daftari la kawaida, kile mkewe anachokitoa, kisha wenyewe wawili waamue kipi ni hiba na kipi ni deni. Wanandoa wengi hawagombani wakati wa shida. Hugombana shida ikishaondoka, kila mmoja anapokumbuka hesabu tofauti.

Wapo wanaosema sheria hii ni sawa, kwa sababu katika Uislamu mke humfuata mume na mtoto hunasibishwa na baba. Hoja hii tumeisikia hata misikitini, na tunaona imechanganya mambo mawili. Nasaba ni ya baba, hilo halina mjadala. Lakini uraia si nasaba. Ni mkataba baina ya mtu na dola, na hakuna fiqhi tuijuayo inayomkataza mwanamke kumdhamini mumewe ofisini ili akae kihalali katika nchi. Kinyume chake, anayetaka mume awe msimamizi wa nyumba yake anapaswa kuwa wa kwanza kuitaka sheria ibadilike, kwa kuwa kama ilivyo sasa inamfunga mikono mume yule yule.

Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama chetu katika Katiba yao ya zamani. Katiba ya 2010 ikakibadilisha: mtu yeyote, awe mume au mke, aliyedumu katika ndoa na raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua saba anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia. Familia ya Mombasa na familia ya Unguja zinaweza kuozesha mabinti zao kwa ndugu wawili wa nyumba moja huko Birmingham, mmoja akawa na njia na mwengine asiwe nayo.

Na tusiseme nchi za Magharibi ndizo zenye huruma. Wanandoa hawa wakikata tamaa na kutaka kurudi Birmingham, safari hii binti ndiye atakayeombewa visa, na mumewe atatakiwa kuonesha kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka, au akiba kubwa badala yake. Kiwango hicho kilianza Aprili 2024. Kabla yake kilikuwa paundi 18,600. Uingereza haiulizi anayedhamini ni mume au mke, inauliza pesa. Mume aliyekaa Arusha mwaka mzima bila ruhusa ya kufanya kazi atazitoa wapi? Ndiyo maana tunasema uamuzi wa kurudi nyumbani ufanywe na hesabu mezani, kwa sababu mlango wa nyuma nao hufungwa.

Nikahi ya msikitini na karatasi ya serikali

Tulipomuuliza mama kuhusu cheti cha ndoa cha bintiye, alitutumia picha ya karatasi nzuri yenye muhuri wa msikiti. Hapo tukagundua tatizo la pili, ambalo familia ilikuwa hailijui kabisa.

Mbele ya Allaah (Subhaanahu wa Ta'ala) ndoa ile imesihi: baba alimuwakilisha mtu amuozeshe bintiye, mashahidi walikuwepo, mahari yalitajwa. Lakini Uingereza nikahi ya msikitini peke yake haihesabiwi kuwa ndoa ya kisheria. Mahakama ya Rufaa ya huko ililithibitisha hilo Februari 2020 katika kesi ya Akhter, ya wanandoa wa Kiislamu waliofunga nikahi na hawakuandikisha ndoa ya serikali. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa iliyofungwa nje iwapo ilifuata utaratibu wa nchi ilikofungwa. Unaona mtego ulipo: Arusha inauliza kama Uingereza inaitambua, na Uingereza haiitambui. Afisa akiikataa karatasi ya msikiti hajaikataa dini yako. Anataka hati ambayo dola iliyoko kule inaisimamia.

Kaka yake hakupata taabu hii. Ndoa ya Muscat iliandikishwa na serikali ya Oman, ikabaki kazi ya kuitafsiri kutoka Kiarabu na kuithibitisha. Na amri ya kifalme nambari 23 ya mwaka 2023 imeondoa ile ruhusa ambayo raia wa Oman walikuwa wakilazimika kuiomba kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni. Wazee wetu wengi wanakumbuka ndoa za Unguja na Muscat zilizofichwa miaka kwa miaka kwa ajili ya ruhusa hiyo.

Dawa ya binti ni kuiandikisha ndoa. Wanaweza kuiandikisha Arusha, kwa kutoa taarifa kwa msajili siku 21 kabla, kama Sheria ya Ndoa inavyotaka. Wasomaji wa visiwani waangalie jambo hili: sheria hiyo ya 1971 ni ya Bara. Zanzibar mambo ya ndoa za Waislamu yako chini ya sharia na Mahakama za Kadhi, na usajili wake uko kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kwa hiyo cheti kifuate pale nikahi ilipofungwa. Tumeona watu wamefunga Arusha wakaja kutafuta cheti Unguja kwa kuwa "huko nyumbani wanatujua". Mambo ya namna hiyo huja kuumiza baadaye, kwa sababu karatasi inasema mahali ambapo hamkuwepo.

Kuandikisha si kuachana, wala si kukiri kwamba mlikuwa mkiishi katika haramu. Ni kuweka ushahidi.

Mtu aliyekwenda kushughulikia ndoa akanyang'anywa nchi

Kuna wanaodhani maulizo haya yanamhusu mgeni tu, na kwamba mwenyeji hana la kuogopa. Arusha ni makao ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na kesi moja iliyoamuliwa hapo inafaa kusomwa na kila familia inayopanga ndoa.

Anudo Ochieng Anudo, kwa kauli yake, alizaliwa Butiama mwaka 1979. Mwaka 2012 alikwenda kituo cha polisi Babati, kusini mwa Arusha, kushughulikia taratibu za ndoa yake. Pasipoti yake ikazuiliwa kwa madai kwamba kuna shaka juu ya uraia wake. Mwaka 2014 akafukuzwa nchini na kupelekwa Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akawa anaishi katika kipande cha ardhi baina ya mipaka miwili, hana huku wala kule. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ilitoa hukumu kwamba Tanzania ilimnyang'anya uraia kiholela na kumfukuza kiholela. Mahakama ilisema palipokuwa na ushahidi unaogongana juu ya wazazi wake, ilipasa kufanywa kipimo cha vinasaba. Tena ikaitaka serikali irekebishe sheria ili mtu aweze kuupinga uamuzi kama huo mbele ya mahakama, kwa sababu Sheria ya Uraia inaufanya uamuzi wa Waziri kuwa wa mwisho.

Wakati ule mwananchi wa kawaida aliweza kupeleka malalamiko yake mwenyewe katika Mahakama hiyo. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiruhusu hilo, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Jengo liko Arusha, lakini Mtanzania hawezi tena kuligonga mlango moja kwa moja kwa kesi mpya.

Kwa mtu anayerudi kutoka nje, funzo lake ni la vitendo. Kabla ya kumuombea mwenzako, hakikisha nyaraka zako mwenyewe zimekamilika: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya wazazi vinavyopatikana, barua ya sheha kwa wa visiwani au ya serikali ya mtaa kwa wa Arusha. Na ujiulize kwa ukweli kama wewe bado ni raia. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Aliyechukua kwa hiari pasipoti ya Uingereza au Canada amekwisha kuupoteza uraia wa Tanzania, hata kama ile pasipoti ya zamani bado iko sandukuni, na hawezi kumdhamini mwenzake kama raia. Hadhi maalumu kwa diaspora, iliyozungumzwa sana, ina faida zake, lakini si uraia.

Watoto nao wana hesabu yao. Mtoto aliyezaliwa nje na baba au mama raia ni raia kwa kurithi, na anaweza kushika uraia wa pili mpaka afike miaka 18, ambapo lazima achague. Lakini yeye akija kuzaa nje, mtoto wake harithi kwa njia hiyo hiyo. Mjukuu anaweza kurudi kwa bibi yake kama mtalii.

Eda, mirathi na maneno ya siku ya posa

Tumezungumza kama kwamba mke mgeni hana shida. Anayo, nayo huonekana siku ya msiba. Rejea kile kifungu cha 11: haki yake ya kuomba ni maadamu mume yu hai. Mume akifariki kabla ya ombi, mlango huo umefungwa. Mjane anatakiwa kukaa eda ya miezi minne na siku kumi katika nyumba ya mumewe, na wakati huo huo kibali chake kimeegemea mtu aliyekwisha zikwa. Fungu lake la mirathi ni thumni ikiwa marehemu ana watoto, au robo ikiwa hana. Lakini ikiwa urithi ni shamba Usa River, Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu mgeni kupewa ardhi ila kwa uwekezaji. Na Zanzibar haki ya kumiliki ardhi wamewekewa Wazanzibari. Haki yake haifutiki kwa hilo. Warithi wamthaminishie fungu lake wampe pesa, na wasifanye sheria ya ardhi kuwa kisingizio cha kumla mjane. Kwa mwanamume aliyeoa Ahlul-Kitaab, mkewe harithi kabisa, basi amuandikie wasia ndani ya thuluthi angali hai.

Kwa mwanamke wa Oman kuna mzani mwengine. Akichukua uraia wa Tanzania atatakiwa kuuacha wake. Asiharakishwe na mawifi.

Sasa tumrudie mzazi anayepokea posa. Kuuliza dini na tabia ya kijana ni Sunnah inayojulikana. Kuuliza pasipoti yake, kazi atakayoifanya kihalali na nchi atakayoishi na binti yako si utovu wa adabu, wala si kutokumtegemea Allaah. Tunasema hivi kwa sababu tunajua namna mazungumzo ya posa yanavyokwenda: mahari yanajadiliwa saa mbili, na mahali pa kuishi panamalizwa kwa "in shaa Allaah". Ikiwa binti anashurutisha asihamishwe Arusha au Unguja, familia ijue khilafu iliyopo. Kwa Mashaafi'iy ndoa inasihi na sharti hilo halimfungi mume. Kwa Hanaabilah linamfunga, na akilivunja mke ana khiyari ya kuivunja ndoa. Basi msitegemee neno lililosemwa sebuleni; muulizeni Kadhi kabla ya siku ya nikahi, na muandike.

Ama ndoa ya karatasi, mtu anayeoa ili apate ukaazi kisha aache, ina ubaya wa aina mbili. Wakishurutiana muda ni mut'ah, na ni batili. Akiificha nia moyoni, wanazuoni wengi wanaona mkataba wenyewe unasihi, na Al-Awzaa'iy akaona ni mut'ah. Lakini hata kwa wanaoupitisha, kumdanganya binti wa watu na kutoa maelezo ya uongo ofisini hakuwi halali kwa sababu mkataba umesihi. Wa Allaahu A'lam.

Binti wa yule mama na mumewe wameshatoa taarifa kwa msajili wa Arusha, na siku 21 zinahesabiwa. Mume amesitisha safari za Namanga, na kampuni moja imekubali kumuombea kibali cha kazi cha ufundi wake. Mama ametuandikia tena wiki hii, safari hii na suali fupi: je, walima urudiwe? Tumemjibu kwamba si lazima, ulishafanywa Birmingham. Amesema hata hivyo yeye hakuila ile ya Birmingham, na mchele ameshanunua.